Stuart Pearce kama darasa la namba tatu anayeingia kwa nguvu: kipi aige, kipi aache?

Benchi_la_Pili

Wakuu, habari za jioni.

Nina kijana wa miaka 17, namba tatu (beki wa kushoto), mguu wa kushoto wa kuzaliwa nao. Kifua anacho, mbio anazo, woga hana. Tatizo anaingia jumla kwenye kila mpira. Winga akitikisa bega tu, yeye tayari yuko chini, na mwenzake anapita na mpira wake. Kadi za njano haziishi.

Nilitaka mchezaji wa kumwonyesha nikaishia kwa Stuart Pearce wa Nottingham Forest na Uingereza. Alikuwa namba tatu, alikuwa mkali, na alicheza hadi akakaribia miaka 40. Lakini vipande vilivyoko mtandaoni ni vya kufyeka watu tu, na vingi ukiviangalia kwa macho ya leo ni nyekundu ya moja kwa moja. Kwa hiyo naomba wanaomjua vizuri wanisaidie: aliwezaje kudumu vile? Kuingia kwake kulikuwa na ufundi gani? Na kipi nimkataze kijana asikiige hata kwa mazoezi? Uwanja wetu ni changarawe, nyasi ziko kwenye kona mbili tu.

---

Kumbukumbu_za_Soka

Chaguo zuri, mkuu, ila vitupe vile vipande vya dakika tatu. Mtafutie mechi nzima nzima, maana kwenye mechi nzima utaona Pearce anasimama zaidi ya anavyolala.

Historia yake kwanza, kwa sababu inaeleza mengi. Alizaliwa London, Aprili 1962. Klabu ya QPR walimjaribu wakamwacha. Akaenda Wealdstone, timu ya nje ya ligi za kulipwa, huku mchana ni fundi umeme. Mpaka Coventry City ya kocha Bobby Gould inamchukua mwaka 1983, kwa pauni 30,000 hivi, tayari ana miaka 21 na alikuwa ameshacheza misimu kadhaa na watu wazima ambao nao walitoka kazini jioni wakaja uwanjani na hasira zao. Hakupita kwenye akademi yoyote ya kumlea taratibu. Mwaka 1985 kocha Brian Clough akampeleka Forest, na hata huko aliendelea kutangaza kazi ya umeme kwenye jarida la mechi la klabu, maana hakuwa na uhakika mpira ungemlisha.

Aliishia kukaa Forest miaka 12: mechi 401 za ligi na mabao 63. Mabao 63, kwa beki! Alibeba Kombe la Ligi 1989 na 1990, akacheza fainali ya Kombe la FA 1991 waliyofungwa na Tottenham 2-1, timu iliposhuka 1993 akabaki, wakapanda 1994, na 1995 wakamaliza wa tatu Ligi Kuu. Timu ya taifa mechi 78. Halafu Newcastle, West Ham, na mwisho Manchester City aliyoipandisha kama nahodha msimu wa 2001/02.

Sasa kwenye swali lako. Watu wanamtazama Pearce peke yake na kumsahau aliyesimama pembeni yake. Katika miaka yake bora Forest, beki wa kati alikuwa Des Walker, na Walker alikuwa na mbio ambazo washambuliaji wengi wa wakati ule hawakuwa nazo. Ndiyo maana Pearce aliweza kutoka kwenye mstari na kumfuata namba saba (winga wa kulia) hadi karibu na katikati ya uwanja. Akikosea, Walker yuko nyuma anasafisha. Walker alipoondoka 1992 kwenda Sampdoria, na mshambuliaji Teddy Sheringham naye akauzwa, Forest ilimaliza ya mwisho. Pearce mwenyewe alikosa sehemu kubwa ya msimu ule kwa majeraha, kwa hiyo siwezi kusema sababu ni moja. Lakini kabla hujamruhusu kijana wako aruke, jiulize namba tano wako (beki wa kati) ana mbio kiasi gani. Kama ni mzito, kijana asitoke. Yaani hapo kipaji cha kijana hakihusiki kabisa, ni hesabu ya nani yuko nyuma yake.

Jambo la pili la kudumu: miguu ilipopungua kasi, hakung'ang'ania pembeni. City ilicheza na mabeki watatu nyuma na yeye alikuwa mmoja wao. Pale ndani humkimbizi winga mita 40, unasoma mpira na kuwapanga wenzako. Na kabla ya hapo, akiwa West Ham, alivunjika mguu dhidi ya Watford Septemba 1999, ana miaka 37, na msimu wa 2000/01 akarudi na kuchaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa klabu.

---

Koni_na_Filimbi

Mzee hapo juu kamaliza historia. Mimi nije kwenye miguu.

Kuingia kwa Pearce kulianza kabla ya kuingia. Angalia mechi yoyote ya Forest ya mwaka 1988 hadi 1991: mpira ukiwa bado njiani kwenda kwa winga, yeye ameshaondoka. Anafika pamoja na mpira, winga akiwa amelipa goli mgongo au anaangalia chini kutuliza. Pale winga hana chenga ya kupiga, kwa sababu mpira bado si wake. Kanuni ya kumpa kijana ni fupi: mpira ukiwa hewani au unaviringika kwenda kwa winga, kimbia; winga akishautuliza na kukugeukia, breki. Kosa la kijana wako, kwa maelezo yako, ni kwamba anakimbia wakati wote wawili.

Breki nayo ina namna yake. Mita tatu za mwisho hatua ziwe fupi fupi, magoti yamekunjwa, mwili umekaa upande, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Kwa namba tatu, mguu wa ndani uwe mbele kidogo ili winga aone njia moja tu, ile ya kwenye chaki, yaani mstari wa pembeni. Huko mstari unakusaidia kukaba. Ukisimama miguu sambamba, mpira unapita katikati na utageuka kwa hatua tatu badala ya moja. Macho kwenye mpira. Bega la winga litadanganya, kiuno kitadanganya, mpira haudanganyi.

Kisha kuna aina tatu za kuingia, na kila moja ina mahali pake.

*Ya kusimama, uso kwa uso.* Hii ndiyo Pearce aliyoitumia kuliko watu wanavyokumbuka. Mguu wa kuegemea uwe pembeni ya mpira, si nyuma yake. Goti limekunjwa, kifundo kimekazwa, unagonga katikati ya mpira kwa upande wa ndani wa mguu, na kifua kiko juu ya mpira. Mpira ukibanwa baina yenu, usivute mguu; sukuma na uinue kidogo, utapanda juu ya mguu wake. Wanaoumia hapa ni wale wanaoegemea nyuma na kunyoosha mguu: nguvu yote inakwenda kwenye goti, na daluga linapanda juu ya mpira hadi kwenye ugoko wa mwenzako. Yaani woga kidogo ndio unaovunja miguu pale; anayeingia nusu nusu ndiye anayechelewa na kuumia.

*Slaidi ya mguu wa karibu.* Mnakimbia sambamba, winga yuko upande wa chaki. Unashuka kwa paja na nyonga, unachokoa mpira utoke nje. Ni ya haraka, mkono wake hauna muda wa kukuvuta, lakini mpira unakuwa wa kurusha wao. Itumike kuokoa hali tu.

*Slaidi ya mguu wa mbali.* Unakunja mguu wa karibu chini yako kama egemeo, ule wa mbali unauzungusha mbele ya winga na kuufunga mpira kama kulabu. Ukiiweza, unanyanyuka na mpira wako. Ukichelewa nukta moja, umemkwatua miguu yote miwili. Mfundishe hii mwisho kabisa, baada ya miezi ya zile mbili.

Wakati wa kushuka ni mmoja: winga ameusukuma mpira mbele na mguu wake umetoka kwenye mpira. Mpira ukiwa umegandana na mguu, hakuna slaidi salama duniani.

Zoezi la kumtoa tabia: koni nne, njia ya upana mita 8 na urefu mita 15. Winga anaanza na mpira upande mmoja, beki upande wa pili. Wiki mbili za kwanza ni marufuku kulala. Akigusa ardhi kwa paja, winga anapewa bao. Beki anapata pointi kwa kumchelewesha winga sekunde nne tu, hata bila kunyang'anya. Raundi sita, pumzika dakika mbili, raundi sita tena, basi. Zaidi ya hapo miguu inachoka na mtu aliyechoka ndiye anayelala. Wiki ya tatu unabadilisha: mpira unatoka kwako kwenda kwa winga, beki anaamua mwenyewe kama afike pamoja nao au asimame. Hapo ndipo utajua kama ameelewa.

---

Kipenga_cha_Pili

Nije upande wa sheria, maana hapa ndipo vipande vya mtandaoni vinapowapoteza vijana.

Sehemu kubwa ya kazi ya Pearce ilikuwa kabla mambo hayajakazwa. Mwaka 1990 FIFA ilielekeza kwamba anayemnyima mpinzani nafasi ya wazi ya bao kwa faulo atolewe nje. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kushika pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Mwaka 1998 kumwingilia mtu kutoka nyuma kwa namna ya kumhatarisha kukaandikwa waziwazi kuwa ni mchezo wa hatari wa kadi nyekundu. Leo tena kuna VAR (refa wa video) kwenye ligi kubwa, na picha ya polepole haina huruma na daluga lililoinuka.

Mchezaji wako ajue ngazi tatu za faulo ya kuingia:

– Uzembe: hukuangalia, hukupima. Ni faulo, hakuna kadi.
– Kutojali: ulijua mwenzako anaweza kuumia na ukaingia hivyohivyo. Njano.
– Nguvu kupita kiasi, au kuhatarisha usalama: nyekundu, bila kujali ni dakika ya kwanza au ya tisini.

"Nimegusa mpira kwanza, refa!" si utetezi. Unaweza kugusa mpira kwanza, daluga likaendelea hadi kwenye kifundo cha mtu, ukatoka nje. Ninachoangalia mimi na marefa wenzangu ni hivi: meno ya daluga yanaangalia wapi, goti limenyooka au limekunjwa, kasi, miguu miwili au mmoja, na kama mchezaji bado ana uwezo wa kujizuia. Mguu ulionyooka ukiwa juu ya kifundo, huyo kaondoka. Miguu miwili hewani, huyo kaondoka hata kama hajamgusa mtu.

Ndani ya boksi kuna nafuu moja tangu 2016: ukimnyima mtu bao la wazi lakini ulikuwa unaucheza mpira kweli, penalti inatolewa na wewe unapata njano, si nyekundu. Ukimvuta jezi au kumsukuma, nyekundu iko palepale.

Ile ya 1992 nayo inamgusa namba tatu kuliko watu wanavyodhani. Zamani beki alinyang'anya mpira akiwa ameangalia goli lake, akaurudisha taratibu kwa kipa, kipa akaudaka, kazi imeisha. Sasa ukinyang'anya mpira ukiwa umeangalia kwenu lazima uwe na jambo la pili la kufanya. Kijana anayejua kuingia tu, asiyejua kutoka na mpira, ni nusu beki.

---

Asiyependa_Sifa

Mnampamba mno. Kuna namba tatu wa zama zilezile waliokaba bila kelele. Denis Irwin wa Manchester United, kwa mfano: mguu wake mkuu ni wa kulia, anacheza kushoto, makombe kibao, na mipira ya adhabu anapiga. Kijana mwenye kadi nyingi unampa Irwin, humpi Pearce. Ni kumwagia petroli kwenye moto.

---

Kumbukumbu_za_Soka

Irwin ni darasa, sina ubishi. Hata kwenye ile fainali ya Kombe la Ligi 1990 Forest waliyoshinda 1-0, Irwin alikuwa upande wa pili na Oldham, kabla hajaenda United.

Lakini kijana mwenye kifua na hasira ukimwambia awe Irwin, atakaa kimya mazoezini na kwenye mechi atarudi kuwa yeye. Pearce anamfaa kwa sababu hasira ile ilikuwa na mpaka. Chukua Euro 1992, Uingereza na Ufaransa, 0-0 kule Malmö. Basile Boli wa Ufaransa alimpiga kichwa, shavu likachanika, damu. Refa hakuona. Pearce hakurudisha. Akatibiwa, Uingereza wakapata mpira wa adhabu, akaupiga ukagonga mwamba. Kipande hicho ndicho cha kumwonyesha kijana, si zile slaidi. Angerudisha ngumi, timu yake ingebaki kumi katika mechi ya makundi.

---

Benchi_la_Pili

Nashukuru sana wakuu, hasa kanuni ya kimbia/breki. Mawili yamebaki. Changarawe: nimfundishe slaidi au niache kabisa? Na la pili, huyu kijana ana shuti zito la kushoto. Pearce alipigaje ile mipira ya adhabu, na penalti ya Kombe la Dunia 1990 ilikwenda wapi mrama?

---

Koni_na_Filimbi

Changarawe: usimfundishe slaidi hapo. Nyasi za Uingereza za miaka ile, hasa baridi ikianza, zilikuwa tope. Mtu akishuka anateleza hadi mpira unapomkuta. Kwenye changarawe mwili unakwama palepale, goti linabaki nyuma wakati kiwiliwili kinaendelea, na ngozi ya paja inabaki uwanjani. Mbaya zaidi, vipimo vya kichwani vinaharibika: anazoea kushuka akiwa karibu sana, akienda kwenye nyasi anapitiliza na kumbeba mtu. Tumia zile kona mbili zenye nyasi, zimwagie maji kabla, avae bukta ya kubana ndani na soksi zipandishwe. Aanze bila mpinzani, mpira umesimama, hatua tano tu za kukimbilia. Mikono isitangulie chini kwa kiganja kilichonyooka, hapo ndipo vifundo vya mikono vinapovunjika. Ashuke kwa upande wa paja na mkono uwe umekunjwa. Akichubuka, maji safi na sabuni siku ileile, mchanga wote utoke.

Kinga za ugoko zisiwe zile fupi za mapambo. Zianzie chini kidogo ya goti na ziishie vidole viwili hivi juu ya kifundo, zikazwe zisizunguke.

Mpira wa adhabu: Pearce alikuwa mtu wa nguvu, si wa kubembeleza. Lile bao la fainali ya 1991, baada ya Paul Gascoigne wa Tottenham kumkwatua Gary Charles wa Forest nje kidogo ya kumi na nane (boksi) (na Gascoigne mwenyewe akaharibu goti kwenye faulo hiyo), lilikuwa shuti la nguvu moja kwa moja. Kwa umbali ule wa karibu na ukuta, huna nafasi ya kuupandisha na kuushusha polepole, kwa hiyo unatafuta pengo na unategemea kasi. Mguu wa kuegemea sambamba na mpira, kidole gumba kikiangalia unakotaka kupiga, kifundo kimekazwa, unagonga kwa mfupa wa juu ya mguu, chini kidogo ya katikati. Ukiegemea nyuma, unapaa. Mipira 15 kwa siku inatosha; zaidi ya hapo paja la kijana wa miaka 17 linalalamika.

Penalti ya Turin, Julai 4, 1990, nusu fainali na Ujerumani Magharibi: kwenye mikwaju ya penalti alikuwa wa nne kwa Uingereza, watatu wa kwanza wote wamefunga. Alipiga kwa nguvu katikati, mpira ukaenda chini. Kipa Bodo Illgner alikuwa ameshajirusha pembeni, lakini miguu ya kipa anayeruka huwa inabaki katikati, na mpira ukagonga hapo. Chris Waddle akafuata akapaisha, mchezo ukaisha. Kasoro ilikuwa kimo. Anayepiga katikati lazima auinue juu ya magoti ya kipa, la sivyo kasi haimsaidii. Miaka sita baadaye, robo fainali ya Euro 1996 na Hispania pale Wembley, aliomba apige tena na akaupeleka pembeni, nyavuni. Na tena kwenye nusu fainali na Ujerumani, siku nne tu baadaye, akafunga.

Kama una muda wa mechi moja tu ya kukaa naye, chukua hiyo fainali ya 1991, dakika zote 120. Mpe karatasi igawanywe mistari miwili: mara ngapi Pearce ametoka kwenye mstari mpira ukiwa njiani, na mara ngapi amesimama akamchelewesha mtu. Bao lake asilihesabu.